Mama Poda na Tumbo Linalomeza Vumbi

Saa moja asubuhi, foleni imeshakunja kona. Ndoo zimepangwa kando ya ukuta, moja nyuma ya nyingine, na kila ndoo ina mwenyewe, ama amesimama pembeni akipiga soga, ama ameondoka kwenda kununua chumvi akiamini ndoo itamlindia nafasi. Ndani, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anapandisha swichi ya mota. Mkanda unashtuka, unateleza kidogo, unakamata, na chumba kizima kinaanza kutetemeka.

Anamimina mahindi ya ndoo ya kwanza kwenye mdomo wa mashine. Muda si mrefu unga unaanza kushuka upande wa pili, na hapo ndipo mgeni anapolisubiri wingu. Kila aliyewahi kutumwa mashineni utotoni analijua. Ni lile wingu la vumbi la unga linalojaa chumba, linaingia puani, linakaa kwenye nyusi, na kukurudisha nyumbani ukiwa umezeeka miaka arobaini kwa saa moja.

Leo wingu haliji. Ukisimama mlangoni unaona hadi ukuta wa nyuma, na ukuta huo ni wa kijani. Mwenye mashine anasema alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuupaka rangi.

Mtaa mzima unamwita Mama Poda. Jina hilo alipewa na watoto, kwa kuwa kila jioni alitoka kazini mweupe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kama mtu aliyejimwagia kopo zima la poda. Siku hizi anatoka kama alivyoingia, gauni lake la bluu likiwa bado la bluu, lakini jina limegoma kuondoka. Mwenyewe anasema hana neno nalo.

Ana miaka arobaini na tisa, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia ndani ya chumba hiki. Alianza kama msaidizi wa kufagia na kushika ndoo. Mwenye mashine alipozeeka akamwachia kwa malipo ya polepole, na tangu hapo vyote ni vyake: mota, mkanda, nyundo za ndani, chekeche na kelele. Humsagia yeyote anayekuja na nafaka yake, iwe mahindi, mtama, ulezi au mihogo mikavu, na kila mmoja huondoka na unga wake mwenyewe. Siku nzuri huhudumia wateja sitini.

Ukimwuliza kazi hii ina utamu gani, hajibu kwa maneno kwanza. Anachota unga kidogo, anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anakuonyesha ulivyo laini, kisha anakutazama usoni aone kama umeelewa. Ukionekana hujaelewa anakuchotea mwingine.

Kilichotaka kumtoa kazini ni kifua.

Kilianza taratibu, kikohozi cha asubuhi ambacho maji ya moto yalikimaliza. Baadaye maji ya moto yakashindwa. Ikafika mahali akawa anatoka mashineni kwenda nyumbani, hapo hapo mtaani, na kupumzika njiani kama mtu anayepanda mlima. Kulala chali kukawa hakuwezekani, na ubavu vilevile. Alilala ameketi, mito imesukumwa mgongoni, kifua kikipiga filimbi hadi asubuhi.

Mumewe, fundi viatu mwenye utani mwingi, alizoea kuwaambia wageni kwamba kwake hahitaji redio. Siku hizi anakiri kuwa utani ule aliutoa ili asilie.

"Nilikuwa nasikiliza kila pumzi yake," anasema, sindano ya viatu ikiwa imesimama mkononi. "Ikichelewa kidogo, na mimi nazuia yangu mpaka yake itoke."

Zahanati walimweleza wazi. Ana pumu, na imeletwa na vumbi la unga alilovuta kwa miaka. Daktari akampa dawa ya kuvuta mdomoni, akamfundisha kuitumia, kisha akamwambia kwamba akiendelea kusaga, kuitumia dawa hiyo ni sawa na kufagia huku mtu mwingine anamwaga. Aache mashine.

Mama Poda alirudi nyumbani na dawa yake kwenye mfuko wa gauni, na kwa siku kadhaa hakumwambia mtu yeyote sehemu ya pili ya maneno yale. "Nikiacha nitapona, sawa," anasema sasa. "Lakini nitapona niwe nani? Hii kazi sikuifanya kwa kukosa nyingine. Naipenda."

Hapo ndipo alipokuwa amekwama, kati ya kifua na mashine, siku gari jeupe liliposimama mlangoni pake.

Wakashuka vijana watatu wenye makoti meupe na mwanamke mmoja mwembamba mwenye miwani. Mama Poda aliwaangalia mara moja tu, akazima mota na kutangaza kwamba mwenye mashine amesafiri. Alidhani ni watu wa leseni. Wateja nao, kwa uaminifu mkubwa, wakathibitisha kwamba mwenye mashine amesafiri, mmoja akaongeza kwamba amekwenda mbali sana. Mwanamke mwenye miwani akasema hana haraka, akaketi kwenye ndoo tupu iliyofunikwa, akamwomba mama yuleyule, aliyekuwa sasa akijifanya mfagiaji, amweleze mashine inavyofanya kazi. Mama huyo akaeleza kwa raha kiasi kwamba baada ya nusu saa hakuna aliyeamini tena habari za safari.

Mgeni huyo ni mhadhiri wa uhandisi katika chuo kikuu kilicho upande mwingine wa mji. Kwa cheo chake anaitwa daktari, lakini mtaa uliacha kumwita hivyo mapema, kwa sababu kila akitajwa watu walikuja kumweleza habari za magoti yao. Sasa anaitwa Mwalimu. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wakichunguza vumbi linalovutwa na watu wa kazi ndogondogo: maseremala, wachonga mawe, wasagaji. Viwanda vikubwa, anaeleza, vina mitambo ya kuondoa vumbi tangu zamani. Vyumba kama hiki hakuna aliyevipima.

Walimfunga Mama Poda kimashine kidogo kiunoni, chenye mrija uliopanda hadi kwenye kola. Kilivuta hewa ileile aliyovuta yeye na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha chupa. Jioni Mwalimu akakifungua mbele yake. Karatasi ilikuwa imevimba kwa unga, ngumu kama ukoko.

"Hiki ndicho kilichoingia kifuani mwako leo," Mwalimu akamwambia. "Na si chote. Kimashine hiki kinavuta hewa kidogo sana kuliko wewe."

Mama Poda aliomba aishike karatasi ile. Anasema miaka yote alijua kwamba anavuta unga, kama mtu anavyojua kwamba jua ni la moto, lakini kuushika mkononi, wa siku moja tu, kulimfanya aketi chini.

Kisha wakampa bomba la kupuliza, lenye mshale unaopanda kadiri pumzi inavyotoka kwa nguvu. Alipuliza mara tatu, macho yamemtoka, na mara tatu mshale ukakwama kwenye mia mbili na kidogo. Mwanamke wa umri na kimo chake, wakamweleza, angekaribia mia nne. Alikuwa akiishi kwa nusu ya pumzi yake.

Mwalimu hakumwambia aache mashine. Alisema wataiondoa hewa mbaya, mashine ibaki. Mama Poda alimwangalia kwa jicho la mtu aliyeahidiwa mengi maishani, akasema karibuni tena.

Kifaa cha kwanza kilikuja baada ya muda mrefu, kizuri, kinang'aa, kina kichujio cha kununua. Kilifanya kazi kwa siku mbili na nusu. Kisha unga ukakiziba, mota ikaanza kulalamika, na chumba kikajaa harufu ya mpira unaoungua. Wanafunzi walikibeba kwenda kwenye gari wakiwa wameinamisha vichwa kama watu wa msibani. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu. Mama Poda alipomuuliza anafurahia nini, akajibiwa: "Kama tungejua mapema kitakachofanya kazi, isingeitwa utafiti. Ingeitwa manunuzi."

Walirudi maabara. Walijaribu mapipa mafupi na marefu, membamba na manene, wakiyapulizia unga na kupima unaoponyoka. Mwalimu aliwawekea sharti moja: chochote watakachotengeneza, fundi wa kuchomelea aliye mtaani kwa Mama Poda aweze kukitengeneza na kukirekebisha kwa bati na vifaa alivyo navyo. Fundi huyo aliitwa chuoni, akapewa koti jeupe, akalivaa siku nzima na kurudi nalo mtaani.

Kilichopatikana ni kitu rahisi mno. Kuna kofia ya bati juu ya mahali unga unapotokea. Kofia inaungana na bomba, na ndani ya bomba kuna feni inayozungushwa na mkanda uleule wa mashine, bila kuongeza umeme wa kutajika. Feni inavuta vumbi na kulisukuma kwenye pipa lililochongoka chini. Hewa inaingia pipani kwa ubavu na kuzunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Unga, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unatupwa pembeni, unateremka, na kuangukia kwenye mfuko mzito wa kitambaa. Hewa iliyobaki inatoka nje kwa bomba la juu.

Mfuko ule ulipojaa mara ya kwanza, ukavimba mviringo, mtaa ukakipa kifaa kizima jina. Kikaitwa Tumbo.

Siku ya kwanza ya Tumbo, Mama Poda alifunga kazi jioni, akaenda nyumbani, akapenga kamasi. Kitambaa kikatoka safi. Alimpelekea mumewe akione, kama mwanafunzi anayeonyesha cheti, na mume anasema hajawahi kufurahia kitu kichafu cha mtu kwa kiwango kile. Wiki hazikwenda nyingi mito ya kitandani ikaanza kupungua.

Lakini wateja nao walikuwa wakipungua.

Ili kuelewa, lazima ujue jambo moja la mashineni, dogo lakini zito. Unga hutoka kupitia kitambaa kilichoshonwa kama mkono wa shati, nao huacha kidogo umeng'ang'ania ndani. Kwa hiyo kila mteja, nafaka yake inapokwisha, hukigonga kitambaa kile kwa kiganja, pa, pa, pa, mpaka aridhike kwamba chake chote kimeshuka. Hakuna anayefundishwa. Mtoto huona mama yake akigonga, naye akifika umri wa kutumwa anagonga. Asiyegonga huonekana ama mgonjwa ama tajiri.

Kofia ya bati ilikifunika kitambaa. Mkono haukufika tena. Na mfuko wa Tumbo, kwa kuwa chumba ni kidogo, wanafunzi walikuwa wameutoa nje na kuuning'iniza nyuma ya ukuta.

Halafu ikaja asubuhi moja ambayo Mama Poda hawezi kuisimulia bila kushika kichwa. Mwanafunzi mmoja, mpole, mwenye bidii, alifika kuupima unga uliokusanyika. Mzani wake ulikuwa chuoni. Basi mbele ya foleni nzima akazunguka nyuma ya ukuta, akafungua Tumbo, akajaza unga kwenye mfuko safi, akaufunga vizuri, akaupakia kwenye gari na kuondoka. Aliwapungia watu mkono.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika kila nyumba. Mashine ya Mama Poda ina tumbo, tumbo linakula unga wa watu, na unga unapakiwa kwenye gari. Bibi mmoja mwenye ndoo nyekundu, mteja wa tangu siku za mwenye mashine wa kwanza, alikuja kuuliza ana kwa ana. Hakupaza sauti.

"Mahindi yangu yameingia mbele," akasema. "Unga mwingine umetokea mbele, mwingine umekwenda nyuma. Huko nyuma ya ukuta kuna nani, mwanangu?"

Mama Poda alieleza habari za vumbi, pipa na pumzi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaitika kwa adabu, akabeba ndoo yake na kuvuka barabara.

Ng'ambo ya barabara kuna mashine nyingine. Mwenyewe anaitwa Ngurumo, kwa kuwa sauti yake huishinda mota yake. Yeye na Mama Poda wameshindana kwa miaka kumi na minne, wakitupiana vijembe kupitia kwa wateja, na kila mmoja anajua vizuri zaidi foleni ya mwenzake ina ndoo ngapi kuliko anavyojua yake. Ngurumo hakusema neno baya juu ya Tumbo. Aliweka tu kibao mlangoni: HAPA UNAGONGA MWENYEWE.

Wateja sitini wakawa thelathini. Thelathini wakawa kumi na tano.

Asubuhi moja, chumba kikiwa safi, kifua kikiwa chepesi na kando ya ukuta hakuna ndoo hata moja, Mama Poda alichukua spana na kuanza kulifungua Tumbo. Alilegeza bolti mbili. Anasema alikuwa akilia kwa hasira, maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliweza kulia bila kukohoa, na sasa ilimbidi kuchagua tena, kifua au mashine. Kabla ya bolti ya tatu akampigia Mwalimu simu, akamwambia aje alichukue tumbo lake.

Na hapa, msomaji, ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Mwalimu hakuja na gari. Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, bila koti jeupe, amebeba ndoo ya mahindi. Hakuingia kwa Mama Poda. Alivuka barabara na kujipanga kwenye foleni ya Ngurumo. Mama Poda alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiamini kwamba hata chuo kikuu sasa kimemkimbia.

Mwalimu alikaa kwenye foleni ile hadi karibu na mchana. Aliwapisha watu mara mbili ili azidi kutazama. Zamu yake ilipofika, akasagiwa, naye akagonga. Anasimulia kwamba alipogonga mara ya pili, unga kidogo ukashuka, na mwili wake ukatulia. Ndipo akaelewa. "Nilikuwa nimepima vumbi, upepo, umeme, kila kitu," anasema. "Sikuwa nimepima raha ya kugonga. Na mimi mwenyewe nimelelewa kwa unga wa mashine, nilipaswa kukumbuka."

Alivuka barabara mbiombio, unga kwenye nyusi, na kumwambia Mama Poda asiguse bolti nyingine.

Wiki iliyofuata mtaa haukulala kwa mshangao. Fundi wa kuchomelea, akiwa amevaa koti lake jeupe, alitoboa ukuta kupitisha bomba la hewa. Tumbo likatolewa nyuma na kuletwa mbele, likaning'inizwa hadharani kando ya kitambaa cha unga, mdomo wake wa chini ukiwa na mkono mrefu wa kitambaa unaoingia ndani ya ndoo ya mteja. Kwenye kofia ukawekwa mpini wa mbao unaotikisa kitambaa na Tumbo kwa pamoja. Nafaka ikiisha, mteja anashika mpini na kutikisa mwenyewe. Chake chote kinashuka, pamoja na kile ambacho zamani kilipaa hewani na kuishia kwenye kifua cha Mama Poda. Kwa ndoo moja ni konzi mbili tatu za unga, ambazo miaka yote hakuna aliyejua kwamba anazipoteza.

Yaani Tumbo halikuwa likiwaibia. Lilikuwa likiwarudishia.

Maneno hayo hayakumshawishi mtu. Aliyewashawishi ni bibi wa ndoo nyekundu, aliyekuja asubuhi ya kwanza, inasemekana kwa kupita tu, akiwa ameshika ndoo iliyojaa. Alisagiwa. Akaushika mpini, akatikisa mara moja, akainama na kutazama ndani ya ndoo. Unga ulikuwa ukishuka. Akatikisa tena. Akatikisa mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba bibi ataondoka na mpini wenyewe. Alipomaliza, akaifunika ndoo yake, akamgeukia Mama Poda mbele ya wote.

"Mimi sikusema wewe ni mwizi," akasema. "Niliuliza tu nyuma ya ukuta kuna nani."

Foleni ikaangua kicheko, Mama Poda akiwa wa kwanza. Alicheka mpaka akajishika ukutani, na mumewe, aliyekuwa amekuja kuona, anasema alisimama akisubiri kikohozi kinachofuata kicheko. Hakikuja. Anasema hapo ndipo alipoamini.

Ndoo zilirudi moja moja, kisha kwa mafungu. Ngurumo alikiondoa kibao chake bila maelezo.

Mwezi uliopita wanafunzi walileta tena lile bomba la kupuliza. Wateja waliacha ndoo zao na kuingia chumbani, wengine wakachungulia dirishani, maana kila mtu alikuwa amejifanya mtaalamu wa pumzi. Mama Poda alivuta hewa, akapuliza. Mshale ukapita mia mbili, ukapita mia tatu, ukasimama kwenye mia tatu na arobaini. Chumba kikalipuka kwa vigelegele kama vile mshale ule ni wa mtaa mzima. Daktari wa zahanati bado anamtaka aendelee na dawa yake ya kuvuta na kwenda kupimwa, naye anakwenda. Lakini habari za kuacha mashine hazitajwi tena.

Kwa Mwalimu na wanafunzi wake, zile ni namba za ripoti, na ripoti hiyo imewaletea wafadhili. Chuo kimepata uwezo wa kufunga Tumbo kwenye mashine kumi za mtaa huu na mitaa ya jirani. Walimwendea Mama Poda kumuuliza waanze na nani. Walitarajia ataje ndugu au rafiki, naye akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Mwalimu akamuuliza kama amemsikia sawasawa.

Mama Poda anaeleza kwamba tangu kifua chake kinyamaze, anasikia vitu ambavyo zamani havikumfikia. Mchana, mota zote mbili zikizimwa kwa mapumziko, anamsikia Ngurumo akipumua. "Ile filimbi naijua," anasema. "Nililala nayo miaka. Mtu hawezi kunidanganya."

Ngurumo alikataa kupimwa. Aliwaambia wanafunzi kwamba yeye ni chuma na kwamba kazi haimngoji mtu anayepuliza mabomba.

Mwandishi wa makala haya alivuka barabara kumwona. Alimkuta mweupe hadi kwenye kope, ndani ya wingu ambalo lilifanya balbu ionekane kama mwezi wa mbali. Ngurumo alijibu kwa mkato kwamba biashara ni nzuri, mashine ni nzima, na hana la kuongeza. Mwandishi akaaga. Alikuwa ameshafika mlangoni Ngurumo alipozima mota, foleni ikiwa imesimama, ndoo ya mtu ikiwa nusu. Wateja wakageuka. Alikuja hadi karibu, akasema kwa sauti isiyofanana kabisa na jina lake.

"Hebu niambie kweli. Siku hizi analala chali?"

Mwandishi akamjibu kwamba ndivyo mumewe alivyosema, chali, na kwa mto mmoja. Ngurumo alijifuta nyusi kwa mkono. Kisha akasema Jumapili huwa hafungui, na kwamba ikiwa watu wa bomba hawana kazi siku hiyo, mlango hautakuwa umefungwa. Akarudi ndani, akawasha mota.

Mama Poda alipofikishiwa ujumbe huo, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akaanza kupanga, vidole vikihesabu hewani. Jumapili atakwenda na fundi wa kuchomelea wakapime ukuta. Tumbo la Ngurumo litawekwa mbele tangu siku ya kwanza, mpini ukiwa mrefu zaidi. Na Jumatatu ya kwanza atafunga mashine yake, achukue ndoo ya mahindi, ajipange kwenye foleni ya mwenzake na kutikisa mbele ya watu wote, ili pasiwe na wa kuuliza nyuma ya ukuta kuna nani.

Tulimkumbusha kwamba wateja wake wengi bado hupima kila asubuhi waende upande upi wa barabara.

"Waende," akasema. "Miaka kumi na minne nimetaka nimshinde, na bado nataka. Lakini nimshinde kwa unga. Sitaki nimshinde kwa sababu amekosa pumzi."